Utepe wa Mama Jumbe

Mabawa, Tanga
24 Machi 1957

Dada yangu mpenzi, Da Sabiha,

Shikamoo. Naomba radhi kabla sijasema neno jingine. Barua yako ya mfunguo nne ilinifikia salama huku Tanga, pamoja na kashata na ile kofia, na mpaka leo sijaijibu. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba barua hujibiwa, kisha akanyamaza mwenyewe, hana la kujitetea. Nilikuwa na shughuli, lakini shughuli si udhuru, nawe una haki ya kunikemea kama ulivyozoea tangu siku ulizokuwa ukinibeba mgongoni.

Je, mguu wako umepata nafuu? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Naamini wajukuu hawajambo na wanasoma. Mkubwa wao mwambie kwamba salamu alizoniandikia nimezisoma, na kwamba mwandiko wake unapanda mlima, alaze mkono. Sisi huku Mabawa ni wazima, tunashukuru. Mvua bado, mawingu yanakuja na kuondoka. Watu wameanza kuulizana bei ya tende na kupangana vunja jungu litapikwa kwa nani, maana Ramadhani imeshabisha hodi. Kofia inanikaa barabara.

Sasa nikupe habari. Saleha, binti wa Mwanamkasi, ameolewa. Harusi ilikuwa mwezi wa Rajabu, nayo ilikaribia sana kuvunjika, na sababu yake ni jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulifikiria katika ujana wetu. Tulia nikueleze kwa utaratibu.

Unakumbuka kwamba marehemu Mzee Jumbe alikuwa na wana wawili, Mwinyijuma wa hapa Mabawa, rafiki yangu, Mungu amrehemu, na mdogo wake Zubeiri, aliyehamia shambani Pongwe. Kila mmoja alipopata mtoto wa kwanza, naye akawa wa kiume, alimpa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu. Tukawa na Jumbe wa Mabawa na Jumbe wa Pongwe. Kwa hiyo mke wa Mwinyijuma, yaani Mwanamkasi, ni Mama Jumbe. Na mke wa Zubeiri, yaani Asmahani, naye ni Mama Jumbe. Sisi tuliozoea hatukuona taabu yoyote. Ukisikia Mama Jumbe anacheka mpaka njia ya pili, huyo ni Asmahani. Ukisikia Mama Jumbe ananyamaza na watu wote wananyamaza naye, huyo ni Mwanamkasi. Basi Jumbe wa Pongwe ndiye aliyemposa Saleha, binti wa baba yake mkubwa, na pande zote zikafurahi.

Sasa mlete Hashil bin Taimur, yule mwenye duka la nguo karibu na msikiti. Mwaka juzi alinunua mashine ya kunasa sauti kutoka kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Ni kama sanduku la nguo, ina magurudumu mawili, na kati ya magurudumu hayo hupita utepe mwembamba wa rangi ya kahawa. Unasema mbele yake, utepe unashika maneno yako, kisha unarudishiwa wewe mwenyewe, na kikohozi chako ndani yake. Mimi nilipojisikia mara ya kwanza sikupendezwa. Niliwauliza watu kama ndivyo ninavyosikika siku zote, wakaniambia ndivyo.

Hashil hakuifanya mashine ile kuwa biashara. Watu walikwenda kwake kama wanavyokwenda baraza. Wanaume waliingia na kasida zao na wakaondoka. Kwa wanawake alitungika pazia katika chumba cha ndani, wakakaa na mkewe Turkiya. Hashil alitia utepe, akauanzisha, akarudi dukani kwake, asisikilize lisilomhusu. Waliomaliza waligonga mlango, akaja kuizima mashine. Juu ya kisanduku cha utepe aliandika jina, lakini kwa adabu ya watu wake hakuandika kamwe jina la mwanamke. Aliandika Mama Fulani, basi. Na kwa kuwa tepe zile haziuzwi Tanga, mtu aliyerudi kusema upya alitafutiwa kisanduku chenye jina lake, akasema juu ya utepe uleule tangu mwanzo, na mashine ikayafuta ya zamani huku ikishika mapya. Wengi walilipenda jambo hilo. Nani asiyetaka kufutiwa kikohozi chake?

Mama yake Mwanamkasi, marehemu Bi Mwanatumu, unamjua vizuri. Ndiye aliyekuimbia hata wewe siku ulipotolewa nyumbani. Mwaka jana aliona nguvu zinampungukia na harusi ya mjukuu wake bado mbali, akakubali kupelekwa kwa Hashil. Alimwimbia Saleha utenzi wote wa kumtoa bibi harusi, tangu bismillahi mpaka dua. Hashil akaandika juu ya kisanduku, Mama Jumbe, harusi, kwa sababu Mwanamkasi ndiye aliyemleta. Haukupita muda bibi yetu akatangulia mbele ya haki. Mwanamkasi alimwahidi kitandani kwamba Saleha hatavuka kizingiti cha nyumba ila kwa sauti ile.

Baadaye Asmahani alishuka kutoka Pongwe peke yake. Alitaka kuwashtua wakweze. Unaijua desturi, upande wa bwana harusi huwatania upande wa bibi harusi, nao hujibiwa. Asmahani alisema moyoni kwamba utani wa mwaka huu utatoka ndani ya sanduku. Siku hiyo Turkiya hakuwapo, alikuwa Pangani kwa dada yake aliyejifungua. Hashil aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia ni nani mwenzangu, akajibiwa ni Mama Jumbe, nimekuja kwa ajili ya harusi. Hashil akatazama visanduku vyake, akakikuta kile, akashukuru kwamba mambo yake yamepangika vizuri, akautia utepe, akauanzisha, akarudi dukani. Hakukosa adabu hata kidogo, Da Sabiha. Adabu yake ndiyo iliyotuponza.

Juma la harusi lilipofika, Mwanamkasi aliomba mashine iletwe nyumbani kwake ijaribiwe. Wanawake wa mtaa wakajaa, na leso zao tayari mkononi, maana kila mmoja alikuja kulia. Turkiya akaanzisha. Badala ya bismillahi ya Bi Mwanatumu ikatoka sauti ya Asmahani, kubwa kama ya mwadhini, ikisema, "Enyi watu wa Mabawa, mwanangu namleta kwenu, lakini chakula chake nitakuwa nakituma kutoka Pongwe! Wali wenu juu umeungua, chini mchele, na katikati nazi inaomba msaada!"

Nasikia wengine walianguka kwa kicheko. Mwanamkasi hakucheka. Aliuliza mara moja tu, mama yangu yuko wapi. Turkiya akazima mashine, akapekua visanduku vyote, na Bi Mwanatumu hakuwamo hata katika kimoja.

Jioni ile Hashil alikuja kwangu akiwa ameshika kisanduku kama mtu aliyeshika maiti ya ndege. Alinieleza yote. Alisema alichokifanya hakiwezi kurudishwa, kwa sababu mashine ikishafuta imefuta, na kwamba Mwanamkasi amefunga mlango na kutoa neno moja, kwamba bila ya sauti ya mama yake hakuna bibi harusi atakayetoka. Alisema tena kwamba Zubeiri huko Pongwe amekasirika, anauliza ni lini ndoa ya watu ilisimamishwa na sanduku. Mimi nilimwomba Mwanamkasi anisikilize, kwa haki ya urafiki wangu na marehemu mumewe. Akanijibu kupitia dirishani kwamba mimi ni mwalimu na ningeweza kumwandikia mtu barua ya rambirambi nzuri sana, lakini yeye hahitaji barua.

Kesho yake Asmahani alifika juu ya lori la machungwa. Hakupita kwa mtu, alikwenda moja kwa moja kwa Hashil, akatuma aitwe wifi yake. Mwanamkasi akaja. Mimi na Hashil tulikaa upande wa duka, pazia kati yetu na wao, na Turkiya alikuwa kwao. Asmahani alilia mpaka akakosa pumzi. Alisema kwamba Bi Mwanatumu ndiye aliyemfunga kanga ya kwanza alipoolewa katika ukoo huu, na sasa yeye amekuja kumziba mdomo kaburini. Akamwambia Mwanamkasi, "Nimemfuta mama yako, wifi yangu. Basi nifute na mimi." Alitaka Hashil aupitishe utepe ule katika mashine tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya mtu kusema neno, ili upuuzi wake usisikike tena duniani. Mwanamkasi alisema na afanye hivyo, naye hataki kuuona tena.

Hashil akainuka. Alikuwa amekwisha kuutia utepe na kidole chake kiko juu ya kitufe. Hapo nikamwambia aondoe mkono. Nilisema kwamba katika darasa langu hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kufuta ubao kabla haujasomwa wote, hata kama kilichoandikwa ni matusi, na hasa kama ni matusi. Nikauliza ni nani miongoni mwetu aliyeusikiliza utepe huu mpaka mwisho. Kumbe wote walizima pale pale walipoghadhibika.

Asmahani alinisihi kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu Hatibu, nionee huruma, huko mbele ndiko kubaya zaidi." Nikasema hata hivyo utasikilizwa.

Tukasikiliza. Ukweli ni kwamba huko mbele kulikuwa kubaya zaidi. Alisema wanawake wa Mabawa huanza kujifunga kanga asubuhi na kutoka mlangoni alasiri. Alisema wifi yake Mwanamkasi ana macho makali mpaka maziwa yakimwona huganda yenyewe, hana haja ya kuyatia jikoni. Nilisikia Asmahani wa kweli akijifunika buibui na kusema Mungu wangu, Mungu wangu, huku Asmahani wa utepe akizidi kuchanua. Alipoanza kumwigiza mwalimu mmoja wa Mabawa anayewasahihisha waombolezaji makaburini, Hashil alinitazama kisha akatazama dari. Na pale ndipo nilipomsikia Mwanamkasi akicheka. Alicheka taratibu kwanza, kama mtu anayekohoa, kisha akashindwa kabisa.

Katika utepe ikaja sauti ya mlango kugongwa, Asmahani alikuwa amemaliza na anamwita Hashil. Kikalia kitu kama kijiti kinachovunjika. Halafu, bila ya taarifa, katikati ya ubeti, akaja Bi Mwanatumu.

Da Sabiha, kumbe utepe haukufutwa wote. Asmahani hakuwa amesema kwa muda mrefu kama bibi alivyoimba. Alikuwa amefuta mwanzo, lakini mkia wa utepe haukuguswa. Sauti ilikuwa yake hasa, ile nyembamba isiyoteleza, na kila silabi mahali pake:

Enda, mjukuu wangu,
ndizo hizi dua zangu,
akuhifadhi Muungu
na mume akupendaye.

Akavuta pumzi, na kabla ya kugonga mlango akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, yatosha. Mwanamkasi, usinitazame hivyo, sijafa. Nipe tambuu yangu." Kisha kimya.

Nilimsikia Mwanamkasi akimwita wifi yake. Walikumbatiana huko nyuma ya pazia wakilia na kucheka pamoja, na Turkiya pamoja nao. Hashil alifuta mashine vumbi ambalo halikuwapo. Mimi nilitazama vitambaa vya dukani.

Beti za mwanzo zilipotea, hilo halina dawa. Lakini Mwanamkasi anazijua zote, ila hajawahi kuimba mbele ya watu. Alisema hawezi. Asmahani akamwambia kwamba kama hawezi, yeye Asmahani ataimba badala yake, na akaanza papo hapo kutoa mfano. Mwanamkasi akakubali upesi sana.

Siku ya harusi nilitia uzi mwekundu katika utepe mahali ambapo sauti ya bibi inaanza, ili Hashil asitutolee wali wa Mabawa mbele ya kadhi. Saleha alisimama kizingitini, amefunikwa. Ndani Mwanamkasi akaanza, kwa woga, sauti inapungua na kuongezeka. Kufikia ubeti wa tano hakuwa tena na woga. Alipofika mahali pake akanyamaza, na mama yake akaipokea dua akaimaliza. Saleha akavuka. Wanaume tuliokuwa nje kila mmoja alipata shughuli na kilemba chake. Na lilipokuja lile neno la tambuu, uani palilipuka vigelegele ambavyo naamini vilisikika Pongwe. Baadaye, baada ya pilau, wanawake wenyewe wa Mabawa walidai waletewe na matusi yao. Wakayasikiliza mara mbili, kisha wakamjibu Asmahani uso kwa uso, na majibu yao siwezi kuyaandika katika barua.

Hashil hakutaka kuingia tena katika hofu ile, akaniomba nimpangie tepe zake. Nilikuta zina majina ya kutisha. Mama Miraji walikuwa wengi, na Baba Safari wawili, mmoja wa kasida na mmoja wa kuuza ng'ombe. Watoto wetu wote wamebeba majina ya babu zao, na babu zao nao walikuwa wamebeba ya babu zao, kwa hiyo ukiandika jina moja umeita nusu ya mji. Nikaweka sheria. Juu ya kisanduku huandikwa jina la heshima, mtaa, jambo lenyewe, mwezi na mwaka, na namba ambayo haipewi utepe mwingine kamwe. Akija mtu, kwanza hutazamwa kama jina lake limo. Likiwamo, haichukuliwi kuwa ni yeye, huulizwa. Na hakuna kufuta utepe wowote kabla haujasikilizwa wote mbele ya mwenyewe. Asmahani amesema kwamba sasa majina yangu ni marefu kuliko nyimbo, na kwamba mtu atakufa kabla Hashil hajamaliza kuandika kisanduku chake. Aseme. Tangu hapo haijapotea hata sauti moja.

Lakini ili nizipe majina ya haki ilinibidi nizisikilize zote, na mimi sizijui sauti za wanawake wa mji huu, wala haifai nizijue. Ikabidi awepo mtu wa kunitambulishia. Mwanamkasi alikubali. Kila siku baada ya alasiri alikuja kwa Turkiya, akakaa nyuma ya pazia na mimi upande wangu na kalamu. Alinitajia kila msemaji, mwana wa nani, wa mtaa gani, na aligombana na nani mwaka gani. Nilipokosea aliniambia nimekosea, bila ya kutafuta neno la kunipoza. Nilipomwambia kwamba hivyo sivyo isemwavyo, aliniambia kwamba aliyesema amekwisha kusema na utepe umeshika, nikamsahihishe huko. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, na watu wakanitazama.

Sasa nikuambie lile ambalo sikuweza kulitaja mwanzoni mwa barua. Tepe zilikwisha wiki mbili zilizopita. Alasiri ya kwanza isiyokuwa na kazi nilivaa kofia yako, nikatoka, nikafika mpaka mlango wa Hashil, nikakumbuka kwamba sina la kufanya pale. Nilisimama. Nikaingia hata hivyo, nikamwomba Turkiya, mke wa mwenye nyumba, anipelekee neno. Da Sabiha, nimemposa Mwanamkasi. Tangu Mungu alipomchukua mke wangu nilidhani mlango huo umefungwa, na nilikuwa nimekwisha kuuzoea. Sikujua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kungoja alasiri kama mtoto angojavyo sikukuu.

Najua alikuwa mke wa rafiki yangu. Nimekwenda kaburini kwa Mwinyijuma nikamsomea Yasini na kumweleza, na nafsi yangu imetulia. Jumbe wa Mabawa, mwanawe, alikuja kwangu akiwa na uso mzito, akaniuliza kama ni kweli. Nilipomjibu ni kweli akanishika mkono, akasema sasa ataogopa kuongea nyumbani kwao. Nadhani hiyo ni radhi.

Mwanamkasi mwenyewe hajajibu. Alimtuma Turkiya aniulize mambo mawili. La kwanza, kama nikiwa mezani nitaacha kuwasahihisha wageni. Nilijibu kwamba nitajitahidi. Akarudisha neno kwamba kujitahidi si jibu. La pili, kama dada yangu mkubwa amekwisha kuambiwa, kwa sababu yeye haingii katika nyumba ambayo mkubwa wake hajaulizwa. Hapo nilijua kwamba lazima niandike leo, hata kama utanicheka, na najua utanicheka. Naomba radhi yako na dua yako, dada. Wewe ndiye mama yangu niliyebakiwa naye.

Nisalimie shemeji sana, na wajukuu mmoja mmoja kwa jina lake. Turkiya na Hashil wanakusalimu, na Saleha anakupa mkono. Asmahani anasema uje, na uje na njaa, kwa sababu vunja jungu litapikwa Pongwe na si Mabawa.

Mwanamkasi amesema atatoa neno lake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Siku atakayolitoa, likiwa la kheri au la kuniaibisha, nitakaa kuandika saa ileile, nawe utakuwa wa kwanza kulijua.

Ni mimi nduguyo mdogo akupendaye,

Hatibu bin Shehe